Mzee Adrian Atiman wa Karema, Mganga na Baba wa Nyumba

Desturi ya vitabu vya jubilei ni kuanza na maaskofu, wakifuata mapadre, kisha masista. Makatekista huja mwishoni, na mara nyingi hutajwa kwa jumla tu, bila majina. Sisemi ni kosa. Ndivyo ngazi zilivyopangwa. Lakini yuko mtu mmoja aliyeitumikia Karema tangu 1889 hata 1956, yaani miaka 67, naye hakuwa askofu wala padre. Alikuwa katekista, mume wa mke mmoja, baba wa mtoto, na kazi ya mikono yake ilikuwa kuponya wagonjwa. Sisi wa Kasekese tu wilaya moja na Karema, basi yatupasa kumjua jirani yetu huyu.

Adrian Atiman hakuzaliwa kwetu. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo Mali leo. Alipokuwa mtoto mdogo wezi wa watu walimkamata wakamuuza, akavushwa lile jangwa kubwa la Sahara kama mzigo wa biashara. Huko Aljeria akakombolewa mwaka 1876 na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe. Mwenye kukombolewa hupata uhuru wake, ila mama yake na lugha ya kwao hapewi. Mtoto yule alilazimika kuanza upya kila kitu, hata jina.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, alikuwa na shauri ambalo wengi wa zamani zake waliliona geni. Alisema Afrika itaongoka kwa Waafrika wenyewe, na Mwafrika anayetumwa asigeuzwe Mzungu mweusi. Na afundishwe kazi ya kumlisha, itakayomfungulia mlango wa kila nyumba. Na kazi ifaayo kupita zote ni uganga. Kwa hiyo mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa miongoni mwa vijana waliopelekwa huko. Alibatizwa mwaka 1882, na mwaka 1888 akayamaliza masomo yake. Akavuka bahari pamoja na mapadre, akaifuata njia ya misafara toka pwani, akafika Karema mwaka 1889.

Karema ya siku zile ilikuwa boma. Wabelgiji walilijenga mwaka 1879, wakawaachia wamisionari mwaka 1885. Ziwa lilikuwa limeanza kurudi nyuma, kwa kuwa maji yalikuwa yamefungua njia yake katika mto Lukuga upande wa Kongo. Basi boma lililojengwa karibu na maji likawa mbali na ufuko. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Watu waliokamatwa ng'ambo walivushwa ziwa na kupelekwa pwani, na katika misioni walikaa watoto waliokombolewa kama yeye. Nadhani hapakuwa na mganga mwingine katika nchi hii aliyeweza kumtazama mtoto wa namna hiyo na kujua kwa mwili wake mwenyewe habari anayoiogopa kuisema.

Mwaka ule ule wa 1889 alioa. Mkewe ni Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Hapa nataka kusimama kidogo, maana wanaosimulia habari za Atiman hupenda sana dawa zake, na mkewe humpitia kwa neno moja. Mgeni asiye na baba wala mjomba, asiye na shamba wala kaburi la wazee, atakuwaje mwenyeji? Kwa ndoa. Wakwe ndio waliompa jamaa, na mahali pa kukaa kama mtu katika watu. Ng'ambo ya ziwa alikuwako mgeni mwingine, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyepigana na wakamata watumwa. Naye alioa binti wa nchi, naye pia aliitwa Agnes, Agnes Atakaye, akakaa huko hata alipokufa mwaka 1927. Watu hawa wawili hawakuja kuhesabu miaka ya zamu yao na kurudi.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Atiman alipotoka Malta, hapakuwa na mtu duniani aliyekwisha kuthibitisha kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1897. Kwamba mbung'o ndiye mwenye kuleta malale, lilijulikana mwaka 1903, na ugonjwa ule ulikuwa ukiua watu wengi pande za ziwa letu. Penisilini ilikuja kutumika kwa wagonjwa katika miaka ya 1940, Atiman akiwa mzee. Basi yale aliyoyajua chuoni hayakuweza kumtosha miaka 67. Mwenye elimu ya mwaka 1888, asiyeongeza kitu, angalikuwa hafai kabla nywele zake hazijaota mvi.

Yeye aliongeza. Hakuzidharau dawa za miti. Alijifunza kwa wenyeji, akazitumia. Lilikuwa jambo la akili tena la lazima, kwani dawa za Ulaya zilibebwa kichwani toka pwani kwa miezi, na reli haikufika Kigoma hata mwaka 1914. Walimu mnaosoma haya mtalielewa vizuri: chombo kikikosekana, mtu wa kazi hakai chini kungoja chombo.

Na pamoja na hayo alikuwa katekista. Askofu Lechaptois aliongoza toka 1891 mpaka kifo chake mwaka 1917, wakafuata wengine. Wajeremani walitawala, wakaja Waingereza. Atiman alikuwa pale pale na wagonjwa wake na mafundisho yake. Mwaka 1923 mwanawe Yosefu akapewa upadre. Baba aliuzwa sokoni akiwa mtoto, na mwana akasimama altareni katika nchi ya mama yake, mbele ya jamaa za mama yake. Mengi yamesemwa juu ya dawa za Atiman, lakini mimi naona kwamba nyumba yake haikuwa kazi ndogo kuliko hospitali yake.

Maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni kheri kubwa, kwani makatekista wengi wa zamani zake walikufa na habari zao, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza. Akaishi miaka kumi zaidi. Reli ilikwisha fika Mpanda kwa ajili ya risasi ya Uruwira, na meli Liemba ilikuwa ikipita ziwani, alipofariki mwaka 1956, mwenye umri wa miaka tisini hivi, miaka 5 kabla ya uhuru wa Tanganyika.