Maneno ya Uzuri na Picha za Chapa

Mtu akitaka kujua yale waliyoyapenda wazee, na ayasikilize kwanza maneno yao. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kusifu umbo. Mwanya ni nafasi ndogo baina ya meno ya mbele, na aliye nao husifiwa kuwa ana tabasamu njema. Maji ya kunde ni rangi ya mwili isiyo nyeusi sana wala nyeupe. Wanja ni wa macho, hina ni ya mikono na miguu, kipini ni cha pua. Maneno haya hayakufundishwa na gazeti. Yalizaliwa katika vinywa vya watu walioonana uso kwa uso, harusini, ngomani na kisimani.

Wala tusidhani kwamba zamani hizo hapakuwa na upendeleo. Pwani, ambako palikuwa na waungwana na watumwa, rangi nyeupe ilihesabiwa sifa kabla picha yo yote haijapigwa chapa. Chapa haikuuanzisha ugonjwa huo, bali iliukuta tayari ikaueneza.

Bara palikuwa na vipimo vingine. Wanawake wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, na nyuso zao walizichanja chale. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri katika nchi za kusini akapiga picha nyingi, na mwaka 1908 kitabu chake cha safari kilitoka. Katika vitabu na kadi za posta za siku zile, watu wa Ulaya walizoea kutazama mapambo ya namna hii kama vioja. Mdomo ule ule uliokuwa fahari ya mwanamke kwao ukawa ajabu mikononi mwa watu wasiomjua. Baadaye wasichana waliiacha ndonya, na leo huonekana zaidi katika vinyago vya mapiko kuliko katika nyuso za watu.

Lakini si kila chapa ilikuja kututawala. Tuitazame leso, yaani kanga. Nguo hii ilipigwa chapa Ulaya kwa miaka mingi, lakini aliyeamuru ni mwanamke wa Unguja na Mombasa. Wafanya biashara, kama Kaderdina Hajee Essak aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887, walitazama yaliyopendwa na wanunuzi, wakapeleka habari kwa watengenezaji. Mtindo uliokataliwa ulilala dukani. Basi hapa mtambo ulikuwa mbali, lakini jicho la kuchagua lilikuwa letu.

Mambo yalipinduka yalipokuja magazeti yenye picha, senema, na matangazo ya biashara. Tangazo halimwulizi msomaji apenda nini. Humwambia amepungukiwa na nini. Picha ya uso mweupe na nywele zilizonyoka huwekwa karibu na chupa ya dawa, na msomaji huachwa aunganishe mwenyewe. Hivyo sifa iliyokuwa ya wachache wa pwani ikafika hata vijijini, ikiwa na bei yake.

Serikali nazo ziliingia katika shauri hili. Mwaka 1967 Wamasai wa Tanzania walihimizwa kwa nguvu waache shuka na udongo mwekundu wavae nguo za kisasa. Kisha Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku nguo fupi mno, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kugeuza rangi ya ngozi. Amri ilianza tarehe 1 Januari 1969. Tazama basi: Mmasai alilaumiwa kwa kuwa wa zamani, na msichana wa mjini kwa kuwa wa kigeni. Magazeti yakajaa barua za kubishana, lakini mara nyingi walioamua mwili wa mwanamke uonekaneje walikuwa wanaume.

Amri ile haikuzimaliza dawa. Zenye zebaki hudhuru figo. Zenye haidrokwinoni, zikitumiwa kwa muda mrefu, zaweza kuiacha ngozi na mabaka meusi, yaani kinyume cha kile kilichonunuliwa. Siku hizi picha zimo katika simu ya kila mtu, na msichana aweza kuigeuza sura yake mwenyewe kabla hajaionyesha kwa wenziwe.

Hata hivyo lugha haikulala. Tangazo lilisema "kung'arisha", watu wakasema "kujichubua." Kuchubua ni kuambua ngozi, kama mtu aliyeanguka akachubuka goti. Na dawa zilizochanganywa kienyeji wakaziita mkorogo, kwa kuwa hukorogwa bila kipimo. Hakuna chama wala serikali iliyotunga maneno hayo mawili. Yametoka mle mle yalimotoka mwanya na maji ya kunde, nayo yasema wazi kwamba watu, hata wanaponunua, wanajua wanachotendwa.