Ziwa Kivu Lilipovaa Sura ya Tanganyika: Gisenyi, Rubona na Nchi ya Gaël Faye

Riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit pays, iliyochapishwa Paris na kampuni ya Grasset mwezi Agosti 2016, inatimiza miaka 10 mwaka 2026, na kwa wasomaji wake wa Afrika Mashariki maadhimisho hayo yanafufua swali lililozuka tangu filamu iliyotokana nayo ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2020, nalo ni kwamba mtu anayetaka kuiona kwa macho yake nchi ya msanii huyo afunge safari ya kwenda wapi. Mwandishi alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Agosti 1982, kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, na kitabu chake kimejaa Bujumbura ya miaka ya tisini. Lakini filamu ilipigwa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, ambako ziwa lililo mbele ya kamera si Tanganyika bali Kivu. Marafiki wawili wanaosafiri pamoja, mmoja akiwa amesoma kitabu na mwenzake akiwa ameitazama filamu tu, wanaweza kubishana njia nzima bila yeyote kati yao kuwa mwongo.

Maisha ya Faye yanajulikana vya kutosha. Aliondoka Burundi mwaka 1995 akiwa mtoto, akakulia katika viunga vya Paris, akafanya kazi ya fedha London, kisha akaiacha kwa ajili ya muziki wa rapu, kwanza pamoja na rafiki yake Edgar Sekloka katika kundi la Milk Coffee and Sugar, na baadaye peke yake katika albamu ya mwaka 2013 ambayo jina lake linaanza na pilipili na kuishia kwenye siagi. Riwaya ilimpatia mwaka 2016 tuzo ya Goncourt des lycéens, yaani ile inayoamuliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa, na riwaya yake ya pili, Jacaranda, ikashinda tuzo ya Renaudot mwaka 2024. Mwenyewe amesisitiza mara nyingi kwamba Gaby, mtoto anayesimulia riwaya ya kwanza, si yeye.

Sababu ya filamu kwenda Gisenyi ni ya kisiasa kabla ya kuwa ya kisanii, na inahitaji kuelezwa kwa urefu. Mwezi Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kuwa mgombea wa muhula wa tatu, mitaa ya Bujumbura ikajaa waandamanaji, na tarehe 13 Mei kundi la wanajeshi likajaribu kuipindua serikali likashindwa. Baada ya hapo zaidi ya watu 300,000 walikimbilia nchi jirani, uhusiano wa Burundi na Rwanda ukaharibika, na mji ambao riwaya inausimulia ukawa mahali ambapo kamera za kigeni hazingeweza kusimama barabarani kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikumbukwe kwamba kisa chenyewe kinapita katika uchaguzi wa Juni 1993 uliomweka madarakani Melchior Ndadaye, katika kuuawa kwake tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, na katika mauaji yaliyofuata, mambo ambayo Bujumbura hadi leo haiyazungumzi kwa sauti moja. Kwa hiyo mwongozaji Éric Barbier alikwenda Rwanda, akampa Jean-Paul Rouve nafasi ya baba, Isabelle Kabano, mwigizaji Mnyarwanda, nafasi ya mama, na mtoto Djibril Vancoppenolle nafasi ya Gaby, kisha akaijenga Bujumbura yake kando ya Kivu.

Kama angejenga mji wa uongo mtupu, wenyeji wa Bujumbura wangeukataa mara moja. Lakini Gisenyi na Bujumbura zilitoka katika mkono mmoja wa utawala. Wajerumani waliweka kituo katika kila mwambao, Wabelgiji wakawafukuza mwaka 1916, na tangu hapo hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 nchi mbili zilizoitwa Ruanda-Urundi ziliongozwa kutoka Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, kiasi kwamba nyumba za maofisa, varanda zake na miti iliyopandwa mbele yake zinafanana katika miji yote miwili. Maji nayo yana undugu wake, kwa kuwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460, hutoa Mto Ruzizi unaoshuka zaidi ya kilomita 100 hadi Tanganyika, ambalo liko mita zipatazo 770 tu juu ya usawa wa bahari.

Undugu huo huonekana vizuri zaidi Rubona, kijiji cha bandari kilicho kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi. Samaki wadogo wanaoitwa sambaza, ambao wavuvi wa Rubona huwafuata usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu na kuwashiwa taa ili kuwavuta, si wenyeji wa Kivu: wataalamu wa Kibelgiji waliwatoa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao ni jamii ya dagaa, na leo wavuvi wa Kivu hawana uchumi bila wao. Miaka sitini kabla ya Barbier, basi, Tanganyika lilikwishapelekwa Kivu likiwa ndani ya ndoo.

Tofauti zipo, na msafiri aliyesoma kitabu atazigundua kabla ya mwenzake. Bujumbura ni mji wa joto zito, Gisenyi ni wa baridi ya volkeno. Katika riwaya, sherehe ya Gaby ya kutimiza miaka 11 inahusu pia mamba aliyeuawa, ilhali Kivu halina mamba wala kiboko. Lililo nalo ni takriban mita za ujazo bilioni 60 za gesi ya methani iliyoyeyuka kwenye kina, na ni kutoka Rasi ya Rubona ambako tangu mwaka 1963 gesi hiyo ilipelekwa kuchemshia mitambo ya Bralirwa, kiwanda cha bia ya Primus kilicho jirani.

Bia hiyo na chemchemi za maji moto, ambazo wenyeji huziita amashyuza, ndizo wageni wa Rubona huelekezwa kwanza, na si vibaya, ila filamu inastahili kuelezwa kwa uangalifu huohuo, pamoja na jambo zito zaidi ambalo mashabiki hulipita haraka. Gisenyi iliyoigiza mji wa jirani unaoteketea ina maumivu yake yenyewe: wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu wengi waliuawa mahali paitwapo Commune Rouge, ambapo sasa pana ukumbusho, serikali iliyosimamia mauaji ilikimbilia mji huu mwezi Juni, na ulipoanguka katikati ya Julai watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache. Anayepiga picha ufukoni akitafuta utoto wa Gaby amesimama, ajue asijue, kwenye njia waliyopita wakimbizi hao.

Filamu ilicheleweshwa na korona ikatoka Ufaransa tarehe 28 Agosti 2020. Riwaya imetafsiriwa kwa Kinyarwanda kwa jina la Gahugu Gato, na Faye, ambaye amekuwa akiishi Kigali kwa miaka mingi, ameendelea kuandika kutoka huko.

Kwa marafiki wale wawili, ubishi unaweza kumalizwa na forodha. Kutoka Rubona vyombo hushuka ziwani hadi Karongi na Rusizi, na kutoka Rusizi barabara ya bonde la Ruzizi huelekea Bujumbura kwa saa chache, ila Burundi iliufunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, baada ya kuufungua upya mwaka 2022.