Gitaa Lililompisha Zawose

Malori ya pamba yalikuwa yamekwisha kupita na vumbi la Bariadi limetulia, nami nikamwekea mzee jirani yangu, mchezaji wa zamani wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, albamu ya Assembly. Alisikiliza wimbo mzima kimya. “Huyo wa gitaa,” akauliza, “mbona hashindani?”

Swali lake lina asili. Simiyu, ambako ndiko iliko Bariadi, ni mkoa tangu 2012 tu, lakini ngoma za Wasukuma zina makundi mawili tangu karne ya 19: Bagika, wafuasi wa Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha. Baada ya mavuno makundi hupambana yakicheza kwa wakati mmoja, kila moja uwanja wake, na ushindi ni wa atakayevuta umati. Aliyekulia hapo akisikia wapigaji wawili, hutafuta nani anamzidi mwenzake.

Assembly ilitoka 2002, chini ya lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Ni kazi ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Brook alikuwa ameshapiga na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan na Djivan Gasparyan wa Armenia, tena alibuni gitaa la umeme ambalo uzi ukiguswa unalia bila kukatika. Gitaa la namna hiyo lingeweza kummeza mtu yeyote.

Halikummeza Zawose. Rais Nyerere mwenyewe ndiye aliyemwita Dar es Salaam kutoka kijijini; baadaye akafundisha Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa. Itazame kwa karibu ilimba, ala ya Kigogo aliyoipiga: vyuma vimejipanga ubaoni, vingine havibonyezwi kabisa, vipo ili vitetemeke wenzao wakiguswa. Tundu la sanduku lake huzibwa kwa utando wa buibui, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa nyuki. Brook aliusikia mvumo huo, akalilaza gitaa chini yake. Kwangu mimi, hakuna jambo gumu zaidi alilolifanya katika albamu nzima.

Zawose alifariki Bagamoyo Desemba 2003.

Mzee aliomba nirudie wimbo. Safari hii alilifuata gitaa, na kila lilipompisha Zawose, aliniinulia kidole.