Kasuku wa Mtukufu Rais

Mwaka 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri, mawaziri wasaidizi na kila Mkenya mwingine waimbe kama kasuku. Enzi ya mtangulizi wake, Mzee Kenyatta, alieleza, yeye mwenyewe hakuimba ila wimbo wa Kenyatta. Sasa ilikuwa zamu yake kuimbiwa. Agizo hilo lilisikika kama tishio, na lilikuwa tishio kweli. Nani angedhani kwamba miaka kama 15 baadaye angetokea kijana wa kulitii kupita kiasi, akamrudishia mzee sauti yake na mikwaruzo yake yote, watu wakashika mbavu?

Kijana huyo ni Walter Mong'are, au Nyambane kama watazamaji walivyomjua. Yeye, John Kiarie wa jina la KJ, na Tony Njuguna walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaunda kundi la Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990. Nation TV, kituo kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1999, kiliwafikisha sebuleni mwa watu. Wanasiasa wengi walipitishwa kwenye mzaha wao, lakini aliyevuta watazamaji ni Moi wa Nyambane.

Mtu angefikiri kumwiga Moi ni kazi rahisi. Rungu lilikuwa mkononi daima, ua kwenye koti, kidole kimoja juu kwa salamu ya chama chake, KANU. Hayo hata mtoto aliyaweza. Ugumu ulikuwa katika hotuba. Sikukuu za taifa Moi alisoma kwanza maandishi ya Kiingereza, kwa sauti kavu ya mtu anayemaliza wajibu. Kisha aliyakunja, akaingia Kiswahili bila karatasi, na hapo ndipo umati ulipoamka. Kwenye Kiswahili hicho alitania, alikemea, alitisha, mara nyingine yote matatu ndani ya sentensi moja. Siasa mbaya, maisha mbaya. Wapende wasipende. Nyambane alikichimba kipande hicho cha pili, na aliona jambo ambalo waigaji wengi hawakuliona: kwamba mzee mwenyewe alikuwa mchekeshaji hodari, na kumwiga ni kushindana naye katika fani yake.

Hadhira nayo ilikuwa imeandaliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa vyuoni mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali ya Moi, shule ya msingi na kukariri ahadi ya uaminifu kwenye paredi. Taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya, baadaye KBC, ilianza na Mtukufu Rais: alipokwenda, alichosema, aliyeandamana naye. Hata kama ndege imeanguka mahali, Mtukufu Rais alitangulia. Hakuna mwigizaji aliyewahi kupewa mafunzo marefu namna hiyo, tena bila kuyaomba. Serikali iliyotaka sauti moja isikike kila nyumba ilikuwa inamtengeneza mwigaji wake, na papo hapo inatengeneza watazamaji walioijua sauti ile kiasi cha kutambua kosa dogo kabisa la mwigaji.

Lakini kujua sauti ni jambo moja, na kuthubutu kuiiga ni jingine. Mwaka 1977 leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda katika kijiji cha Kamirithu ilifutwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini. Mwaka 1982, Moi akiwa madarakani, ukumbi wenyewe wa Kamirithu ulibomolewa. Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers, alikamatwa mwaka 1986 katika msako wa Mwakenya, vuguvugu la siri la kupinga serikali, akafungwa miezi 15. Alitoka akaendelea kuandika, na baadaye tamthilia zake za Kigĩkũyũ zikamkejeli mtawala ndani ya baa, watu wakiwa na chupa mezani. Baa zile zilitangulia runinga.

Kilichobadilika ni sheria na saa. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kiliondolewa Desemba 1991. Mwaka 1997 mapatano ya wabunge wa vyama vyote, yale ya IPPG, yaliondoa kosa la uchochezi katika kanuni ya adhabu. Isitoshe, baada ya uchaguzi wa mwaka huo kila mtu alijua kwamba Moi yuko katika muhula wa mwisho. Hofu ilikuwa bado haijafa ila ilikuwa imeanza kuzeeka, na nadhani kicheko cha Redykyulass kilinoga kwa sababu hiyo. Mapema zaidi wangeishia katika vyumba vya mateso vya Nyayo House. Baadaye zaidi wangekuwa vijana watatu wanaoiga lafudhi.

Na lafudhi imeleta hasara yake. Nyambane, mwenye jina la Kigusii, aliigeuza b kuwa p na g kuwa k, kama inavyotokea kwa wasemaji wengi wa Kikalenjin. Kwake hiyo ilikuwa rangi tu. Picha ilikuwa mtawala. Wengi waliofuata walichukua rangi wakaacha picha, na kwa miaka mingi ucheshi wa jukwaani Nairobi ukawa ni kabila hili linavyotamka na kabila lile linavyopenda pesa.

Tarehe 30 Desemba 2002, pale Uhuru Park, Moi alimkabidhi Mwai Kibaki madaraka huku umati ukimzomea na kumrushia matope. Rais mpya alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, si mtu wa kaulimbiu, na hakutamani kusikika kila jioni. Mwigaji akakosa malighafi. Kejeli ya siasa iliporudi kwa kishindo mwaka 2009 ilikuwa The XYZ Show ya Gado, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, ikiwa na vikaragosi vya mpira vya mtindo wa kipindi cha Les Guignols cha Wafaransa. Daniel Ndambuki, aliyepitia kwa Redykyulass, alikuwa tayari ameanza kujenga himaya yake ya uchekeshaji kwa jina la Churchill.

Wenye kundi la Redykyulass walielekea kwa wale waliokuwa wakiwaiga. Kiarie aligombea ubunge wa Dagoretti mwaka 2007 kwa tiketi ya ODM, akashindwa na Beth Mugo. Mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini. Mong'are, baada ya miaka ya utangazaji redioni, alitaka kiti chenyewe cha urais mwaka 2022 kupitia Umoja Summit Party. Tume ya uchaguzi ilimwidhinisha, kisha ikabatilisha idhini hiyo kwa suala la uthibitisho wa shahada. Karatasi ya kura ilichapishwa na majina manne, lake halimo. Kiarie alirudi bungeni mwaka huo huo, akapewa uenyekiti wa kamati ya mawasiliano, habari na ubunifu, ambayo mambo ya utangazaji hupitia mezani kwake.