Njiti za Kiberiti na Namba za Kirumi

Kila aliyesoma katika shule zetu za Kinondoni na Temeke alikutana na namba za Kirumi siku ile alipoandika juu ya daftari lake "Kidato cha I". Hapana budi basi kueleza asili ya mchezo wa kupanga namba hizo kwa njiti za kiberiti.

Warumi hawakuwa na njiti. I, V na X ni mistari iliyonyooka, nayo hufaa sana kuchongwa kwenye jiwe. Kiberiti cha kusugua kilianza kuuzwa na John Walker, mwuza dawa wa Uingereza, mwaka 1827. Kwa hiyo namba ni za kale, mchezo ni wa juzi tu.

Tazameni: III + I = II. Ruhusa ni kuhamisha njiti moja. Toa moja kushoto, ipeleke kulia: II + I = III. Hiyo ni ya watoto. Ngumu kidogo ni VI + II = V. Wengi huhangaika na namba, kumbe njiti ya kuhama ni ile iliyosimama katika alama ya kujumlisha; ikihamia kwenye VI tunapata VII − II = V. Niipendayo mimi ni XI + I = X, ambayo haitaki kugusa njiti hata moja. Zunguka meza, usome kutoka upande wa pili: X = I + IX.

Sifuri ndiyo haipangiki. Warumi hawakuwa na alama yake. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, kama lilivyo neno kiberiti, na alama yenyewe asili yake ni India. Hata hivyo Baraza letu la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hupanga madaraja ya Kidato cha IV hivi: I, II, III, IV, 0. Mwenye pointi 33 yumo katika IV. Mwenye 34 ameangukia 0. Katika mtihani wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa waliangukia huko, Serikali ikaunda tume, na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Baadaye madaraja haya yaliondolewa kwa muda mfupi, yakarudishwa mwaka 2016, sifuri ikiwa pale pale.

Wanafunzi mlioko shuleni sasa, hii ni yenu: XI − V = IV. Njiti moja tu, na majibu ni manne.