Mfumo wa Neva Unaojiendesha

Mfumo wa neva unaojiendesha ni sehemu ya mfumo wa neva inayosimamia kazi za mwili zisizongoja amri ya nia, kama vile mapigo ya moyo, jasho na mmeng'enyo wa chakula. Ujumbe wake hupitia seli mbili za neva zinazofuatana, ambapo ya kwanza huanzia katika shina la ubongo au ugwe mgongo na kuishia kwenye ganglia, yaani kifundo cha neva, na ya pili huupokea hapo na kuufikisha kwenye kiungo.

Tawi la simpathetiki, litokalo sehemu ya kifua na kiuno cha juu, huuandaa mwili kwa juhudi au hatari. Mkazi wa Ngarenaro, kata ya Jiji la Arusha iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, apandapo Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500, oksijeni hupungua katika damu yake, vipokezi vya shingoni huutaarifu ubongo, na simpathetiki huongeza kasi ya moyo hata akiwa amelala kibandani. Tawi la parasimpathetiki, litokalo shina la ubongo na sehemu ya sakramu, juu kidogo ya kifandugu, huutuliza moyo na kuchochea mmeng'enyo, hasa kwa neva ya vagasi, ndefu ajabu, ishukayo kutoka kichwani hadi tumboni.

Tawi la tatu, lililomo ndani ya kuta za utumbo, huweza kuendelea kusukuma chakula hata vagasi ikikatwa.