Kwani Moja Haitoshi?

Dadangu aliporudi kutoka kliniki na vidonge vya aina mbili, Mama alivipanga mezani, akavitazama, kisha akauliza: "Kwani moja haitoshi?" Dada alikuwa amechoka kueleza. Mimi nikajifanya mjuaji, nikasema daktari anajua kazi yake. Usiku huo nikaanza kusoma. Kumbe swali la Mama ni la zamani, na kuna watu waliolipia jibu lake kwa maisha yao.

Tuanze na TB. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Ilikusudiwa kutibu mapafu, lakini wagonjwa wakachangamka kuliko ilivyotarajiwa. Kufikia 1957, Nathan Kline na wenzake walikuwa wakiitumia kutibu sonona. Dawa za jamii hii huzuia kimeng'enya kinachovunja kemikali za ubongo kama serotonini. Zikibaki nyingi, mgonjwa anaweza kupata nafuu.

Lakini kimeng'enya hicho kina kazi nyingine pia. Mwaka 1963, daktari kijana wa hospitali ya Maudsley, London, Barry Blackwell, aliandika kuhusu wagonjwa waliotumia dawa hizo wakashikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa. Mfamasia mmoja wa Nottingham akamwandikia kwamba mkewe hupatwa na hali hiyo hiyo kila akila jibini. Jibini? Wengine walicheka. Baadaye ikathibitika: jibini iliyokomaa ina tiramini nyingi, na kimeng'enya kikiwa kimezuiwa, tiramini hupandisha presha ghafla. Wapo waliokufa kwa kuvuja damu ubongoni. Aliyeunganisha mambo hayo mawili alikuwa mume aliyekaa meza moja na mgonjwa.

Kwa hivyo tuogope kuchanganya? Hapana, si rahisi hivyo. Mwaka 1981 huko Montreal, Kanada, Claude de Montigny na wenzake walikuwa na wagonjwa 8 ambao sonona yao ilikataa kusikia dawa. Hawakuiondoa dawa ile. Waliongeza lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alikuwa ameandika mwaka 1949 kwamba inatuliza wazimu wa kupanda. Ndani ya saa 48, wagonjwa wakapata nafuu. Si kila mtu hupona haraka hivyo, lakini tangu hapo kuongeza lithiamu ni njia inayojulikana ya kumsaidia mtu ambaye dawa moja imeshindwa kumwinua.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 4 Machi 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifikishwa hospitalini New York akiwa na homa na kutotulia. Alikuwa akitumia Nardil, dawa ya jamii ile ile ya kuzuia kimeng'enya. Akadungwa pethidini, dawa ya maumivu inayojulikana sana hata katika hospitali zetu. Hatari ya kukutanisha hizo mbili ilikuwa imeshaandikwa kwenye vitabu. Hali ikazidi, akafungwa kitandani, akaongezewa dawa ya kumtuliza. Daktari mwanafunzi aliyemhudumia alikuwa na wagonjwa wengine wengi. Asubuhi joto la Libby lilipanda kupita kiasi, akafa. Mahakamani walibishana kwa miaka kuhusu chanzo cha kifo hicho, lakini mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo: daktari aliye mafunzoni asifanye kazi zaidi ya saa 80 kwa wiki.

Ukiweka Montreal na New York pamoja, unaona kote dawa zilichanganywa. Ila Montreal kulikuwa na sababu ya kuongeza ya pili, na mtu wa kutazama kinachotokea. New York hayo yalikosekana usiku ule.

Dadangu pia anameza lithiamu, juu ya dawa yake ya sonona. Lithiamu haitaki mchezo: kiwango kinachosaidia hakiko mbali na kile kinachodhuru, ndiyo maana damu hupimwa, na figo na tezi ya shingo pia. Hata ibuprofen, ile unayonunua dukani bila kuulizwa swali, inaweza kuipandisha kwenye damu. Kuacha ghafla nako kuna hatari zake, kwa hivyo hakuna aliyemwambia Dada aache.

Kliniki iliyofuata Mama alienda naye. Alibeba karatasi yenye kila kitu Dada anachomeza, hadi dawa ya mitishamba ya shangazi, akamwuliza daktari swali lake: "Kwani moja haitoshi?" Daktari aliweka kalamu chini, akaeleza, kisha akaandika kipimo cha damu.

Dada bado anameza mbili. Ibuprofen tumeitoa kabatini.